Hela ya mtoto ikatwe kabla ya SACCOS

Nilistaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo hapa Morogoro, lakini watu wa Kihonda wakinikuta soko la Kingalu bado hunisimamisha kati ya mafungu ya mchicha kuniuliza mambo ya talaka. Wanadhani mtu aliyekaa dirishani miaka yote ile amesikia siri zote za ndoa. Nimesikia nyingi, sikatai. Lakini swali lililoletwa dirishani kwangu kuliko mengine yote halikuwa la talaka wala la nyumba. Lilikuwa hili, likiulizwa kwa sauti ya chini na mwanamke mwenye mtoto mgongoni: "Mama karani, ile hela imeingia?"

Mara nyingi ilikuwa haijaingia.

Amri ilikuwepo. Mheshimiwa hakimu alishaandika kwamba baba atoe kiasi fulani kila mwezi kwa ajili ya watoto, alipe mahakamani, mama aje achukue. Muhuri upo, saini ipo, jalada liko mahali pake masjala. Kilichokosekana ni fedha yenyewe, na kazi ya kuitafuta tulikuwa tumemwachia yule yule mwenye mtoto mgongoni. Alipe nauli kutoka Mkundi aje aambiwe haijaingia. Arudi wiki ijayo. Akichoka, aombe kukaza hukumu: aandikiwe maombi mapya, apate wito, amtafute mwanaume ampe wito, na mwanaume huyo wakati huo keshahamia Kahama kwenye machimbo, na simu haipatikani. Wengi waliacha kuja. Wakubwa wakipitia majalada wanaona shauri limekwisha na amri imetolewa, wanahesabu ushindi. Mimi niliyekuwa dirishani najua kwamba shauri halikwisha. Mama alikata tamaa tu.

Mjadala wa sheria za familia nchini mwetu huwa mkali tukizungumzia nani mwenye kosa, nani apate nyumba, talaka ngapi zimetolewa. Hela ya mtoto huja mwisho, wakati watu wameshachoka na mawakili wameshafunga mikoba. Naona tumepanga foleni kinyume. Hela ya mtoto ingetangulia, na ingekatwa mahali inakotoka, kabla haijafika mfukoni mwa mtu yeyote.

Kuna jambo ambalo hata watu wenye elimu zao hulikosea. Mwanamke ameachwa na watoto watatu, mume ameondoka na redio na godoro. Anakwenda baraza la kata kwa sababu nyumbani hakuna unga. Wazee wanamkalisha, wanauliza habari za ndoa: nani alimtukana nani, mama mkwe alisemaje, ile simu ya usiku ilitoka kwa nani. Anaambiwa arudi na mumewe baada ya wiki mbili wakiwa wametulia. Mume haji. Wanapangiwa tarehe nyingine. Miezi mitatu inapita, na unga hakuna aliyeuzungumzia.

Baraza linafanya hivyo kwa sababu limezoea shauri moja tu. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamtaka anayedai talaka apite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kwendea mahakamani, ile tunayoiita Fomu Namba 3. Sina ugomvi na utaratibu huo. Nimeona ndoa zilizoponywa na mzee mmoja mwenye subira. Na hati yenyewe si ya mchezo: Mahakama ya Rufani imeshafuta mashauri yaliyosikilizwa tangu chini hadi juu kwa sababu hati hiyo haikuwepo au haikuwa sahihi, watu wakarudishwa mwanzo wakiwa wameshazeeka kidogo. Kwa hiyo baraza likiwa makini na Fomu Namba 3, vizuri.

Ila Fomu Namba 3 ni ya talaka. Unga wa mtoto hauhitaji fomu hiyo. Kifungu cha 129 cha sheria hiyo hiyo kinamwekea baba wajibu wa kumtunza mtoto wake, awe anakaa naye au anakaa na mtu mwingine. Kifungu cha 130 kinaipa mahakama nguvu ya kumwamuru baba alipe matunzo wakati wowote, akiwa amekataa kutunza au amepuuza, akiwa amemtelekeza mke na watoto, au shauri la ndoa likiwa bado linaendelea. Wakati wowote maana yake hata leo, na ndoa ikiwa hai. Ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikafungua mlango mwingine: mzazi, mlezi, au afisa ustawi wa jamii anaweza kuomba matunzo katika Mahakama ya Watoto, na hakuna anayedaiwa cheti cha ndoa pale.

Sheria hiyo ya 2009 ilifuta aibu moja ambayo vijana hawaijui. Kabla yake, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa chini ya sheria ya tangu enzi za mkoloni, na kiwango cha matunzo kilichowekwa humo kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja. Fedha ambayo kufikia miaka ya 2000 haikununua hata nusu kilo ya sembe. Nilishuhudia mwanaume akiweka noti na sarafu mezani, akahesabu mia kumi na mbili za mwaka mzima, akatabasamu. Alikuwa hajavunja sheria. Sasa kiwango hicho hakipo. Hakimu anatakiwa aangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, mizigo waliyo nayo ya kutunza watoto wengine, na gharama za maisha za mahali mtoto anapokaa. Ni utaratibu wa haki kwa pande zote. Mama mwenye mshahara naye anahesabiwa.

Tatizo limehama kutoka kwenye kiwango, limekwenda kwenye ulipaji.

Tumchukue mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kila mwezi mwajiri wake anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000, na kuipeleka Bodi. Mwalimu hasumbuliwi, habembelezwi, hapigiwi simu. Hata kuiona haioni. Mwajiri asiposhughulika kukata, yeye ndiye anayewajibishwa. Sasa huyo huyo mwalimu ana amri ya mahakama ya kulipa 100,000 kwa mwezi kwa watoto wake wawili. Hii yeye mwenyewe ndiye aikumbuke, aitoe benki, aipeleke. Mwezi wa kwanza anapeleka. Wa pili anapeleka nusu. Wa tatu amefiwa na mjomba. Wa nne karani anaulizwa dirishani ile hela imeingia.

Serikali inayojua kukata deni la chuo kikuu kwenye mshahara haiwezi kuniambia kwamba haijui kukata hela ya uji.

Na kuna ujanja ambao wanawake wengi hawaujui mpaka wafike kortini. Mtumishi anatakiwa abaki walau na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Ni kanuni nzuri, imeokoa watu wasife njaa kwa mikopo. Lakini baba akinusa kwamba mama anaelekea mahakamani, anakwenda benki kuchukua mkopo mkubwa, anaongeza wa SACCOS, na siku ya shauri anamkabidhi hakimu salari slipu iliyojaa makato hadi kwenye ile theluthi. "Mheshimiwa, nitoe wapi?" Nyumba ya mkopo inapanda kule Lukobe. Pikipiki ya mkopo ipo nje ya mahakama. Mtoto anakuja nyuma ya benki, nyuma ya SACCOS, nyuma ya chama cha wafanyakazi, nyuma ya mchango wa harusi ya ofisini. Ninachodai ni kwamba amri ya matunzo ipande juu ya mikopo yote ya hiari. Benki itakopesha kwenye kilichobaki, kama inavyofanya tayari kwa makato ya lazima. Anayetaka kujenga ajenge na chenji.

Najua jibu linalokuja: wenye mshahara ni wachache, wengi wetu tunahangaika. Kweli, na hapo ndipo amri zetu zinaponichekesha. Fomu zimeandikwa kana kwamba kila Mtanzania hulipwa tarehe 25. Dereva wa bodaboda anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, kinachobaki ndicho chake, na kikilala kimekwisha. Ukimwambia alete 60,000 mwisho wa mwezi umemtega. Mwambie alete 15,000 kila Jumapili na huenda ukaipata. Mkulima wa mpunga wa Dakawa hana kitu mwezi wa pili, lakini mavuno yakifika ana fedha ya kununulia bati. Mkulima wa miwa anayeuza kiwandani Mtibwa hulipwa kwa msimu. Namkumbuka hakimu mmoja, mtu wa maneno machache, aliyemuuliza mkulima wa mpunga maswali mengi ya shamba kuliko ya ndoa: ekari ngapi, unavuna lini, unauzia wapi. Akaamuru magunia mawili ya mpunga kila mavuno, yapelekwe nyumbani kwa mama, pamoja na fedha ya sare na madaftari kila shule zinapofunguliwa. Amri hiyo ilitekelezwa mwaka hadi mwaka, na sikumwona yule mama dirishani tena. Ilifuata kalenda ya mtu mwenyewe. Sheria haikatazi hakimu yeyote kufanya hivyo. Ni mazoea tu ya kuandika "kila mwezi".

Kuna baba ambaye akisikia neno matunzo anakumbuka ghafla kwamba anawapenda watoto wake kupita kiasi. Juma hilo hilo analetewa wito, juma hilo hilo anaomba apewe watoto akae nao. Wapo wanaotaka kweli, na nitawasemea. Wengine wamepiga hesabu kwamba mtoto akiwa kwao hakuna cha kulipa. Akishapewa anampeleka kijijini kwa mama yake, bibi wa miaka sabini anayelima kwa jembe la mkono, na yeye anarudi mjini mwepesi. Nikiona ombi la kulea limeletwa sambamba na wito wa matunzo, nilikuwa naangalia tarehe kwanza.

Hoja wanayokuja nayo ni ile ya miaka saba. "Mtoto akifika saba ni wa baba." Imesambaa kote, pwani na bara, mpaka wajumbe wa baraza wanaitaja kama aya. Kifungu cha 125 hakisemi hivyo. Kinasema mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kwamba ni heri kwake kukaa na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Basi. Akipita saba hakuna dhana inayomhamishia kwa baba. Hakimu anaanza na ustawi wa mtoto, halafu anasikiliza matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza, na mila za jamii yao.

Hizo mila ndizo hapa kwetu zinazochangamsha korti. Waluguru huhesabu ukoo upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake na mjomba ana sauti. Sasa binti wa Matombo anaolewa na kijana wa Tarime ambaye kwao wametoa ng'ombe. Siku mambo yakiharibika, kila upande unafika mahakamani ukiwa na hakika kwamba mtoto ni wake na kwamba upande wa pili una wazimu. Wajomba wamekaa benchi la kushoto, baba wadogo benchi la kulia, na mtoto wa miaka tisa amesimama katikati ameshika kofia ya shule. Sheria imezipa mila kiti, lakini kiti chenyewe kiko nyuma ya ustawi wa mtoto, na hakimu mzuri huwakumbusha wote wawili.

Nilisema nitawasemea akina baba. Wapo waliolipa kila senti na hawajamwona mtoto tangu Idi iliyopita. Mama amemhamishia shule nyingine bila kusema, au amemwambia mtoto kwamba baba amekufa. Nimemwona mwanaume mzima, fundi wa kuchomelea, analia kwenye ngazi za mahakama akiwa na mfuko wa maandazi na mpira. Kumwona mtoto ni haki inayoombwa kwa ombi lake na kuandikiwa amri yake. Mzazi anayezuia anavunja sheria. Lakini haki hiyo haiuzwi kwa matunzo wala matunzo hayauzwi kwayo. Baba akinyimwa kumwona mtoto, anakwenda mahakamani kudai kumwona, na huku anaendelea kulipa. Mama asipolipwa, anadai kulipwa, na huku mtoto anakwenda kwa baba yake Jumamosi. Hela ikikatwa moja kwa moja kwenye chanzo, ugomvi huu unapoteza nusu ya silaha zake, maana hakuna mzazi atakayeshika pochi kama rungu.

Biashara nyingine mbaya niliyoiona hufanyika kwenye korido, nje ya chumba cha hakimu. "Niachie kiwanja cha Nanenane, sitakudai matunzo." Wanakubaliana, wanashikana mikono, wanaingia ndani kueleza kwamba wameyamaliza. Mama anaona ameshinda. Ameuza kitu kisicho chake. Mgawanyo wa mali ni wa mume na mke, chini ya kifungu cha 114, kila mmoja kwa jasho lake. Matunzo ni haki ya mtoto, na sheria inairuhusu mahakama kubadilisha makubaliano ya wazazi juu ya mtoto hata kama walisaini kwa furaha.

Kwenye hilo la jasho, kila mwanamke wa mjini siku hizi anamtaja Bi Hawa Mohamed. Ni sawa atajwe. Mwaka 1983, katika shauri lake dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za nyumbani, kupika, kufua, kulea, ni mchango katika mali ya ndoa. Hukumu hiyo iliinua wanawake wengi ambao hawakuwa na hata risiti moja yenye jina lao. Wanaomtaja husahau mwisho wake: rufaa ya Bi Hawa mwenyewe ilitupwa, kwa kuwa mahakama iliona mtaji aliopewa na mumewe ndio uliokuwa fungu lake na alikuwa ameutapanya. Naikumbusha kwa sababu wanawake wanaokuja kuniuliza sokoni wanaiwekea nyumba matumaini yote. Nyumba inagombewa miaka, kuna rufaa, kuna mthamini, kuna ndugu wa mume wanaodai kiwanja ni cha ukoo. Mtoto anakula wakati huo huo. Dai matunzo kwanza, shamba na nyumba vitasubiri.

Na enyi mnaotumiwa talaka kwa ujumbe wa simu, hili ni lenu pia. Katika ndoa ya Kiislamu talaka ina taratibu zake za dini, na Sheria ya Ndoa inazitambua: baraza likithibitisha kwamba limeshindwa kusuluhisha, na kisha likafanyika tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama inatoa amri ya talaka. Ujumbe peke yake hauendi RITA kusajiliwa. Ila ujumbe uwe halali usiwe halali, baba ni baba. Hajamtaliki mtoto.

Nirudi kwenye ninachokitaka, nikiseme bila kuzunguka, maana waheshimiwa wabunge wana haraka.

Bunge liweke katika Sheria ya Ndoa na Sheria ya Mtoto kifungu kinachomlazimu mwajiri aliyepewa amri ya matunzo kukata na kutuma, kama anavyokata deni la Bodi ya Mikopo, na kwa adhabu ile ile asipofanya. Makato hayo yatangulie mikopo ya hiari. Wanaosema hii itamfedhehesha mtumishi mbele ya mwajiri waniambie lini walimwona mtu aliyefedheheshwa na makato ya Bodi. Kwa asiye na mwajiri, kila amri itoke na kontroo namba yake, alipe kwa simu kutoka popote alipo, Kahama au Kigamboni, na mahakama ione bila kuulizwa nani amelipa na nani amepita tarehe. Leo tunalipa hivyo faini ya barabarani na maji. Na akipita tarehe, mahakama yenyewe imwite. Sehemu hii ndiyo ninayoililia zaidi, kwa kuwa naijua. Mama asiwe ndiye mpelelezi, mpeleka wito na dalali wa shauri lake mwenyewe. Amri ni ya mahakama, mahakama iifuate.

Vyombo vya kuanzia vipo. Temeke, Dar es Salaam, kuna Kituo Jumuishi kinachoshughulikia mashauri ya familia, ndoa na mirathi, kikiwa na huduma kadhaa chini ya paa moja. Morogoro nasi tulijengewa Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, jengo zuri, lenye lifti. Nililiona nikajisikia fahari. Dawati moja tu la kufuatilia amri za matunzo, lenye kompyuta na simu, lingefanya kazi kubwa kuliko makongamano kadhaa. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa 2023 imefika vijijini, na nimekutana na wanawake waliopata amri kutokana nayo. Hema la kampeni likishakunjwa, amri hiyo inarudi kwenye dirisha la karani. Kitu kinachokosekana ni cha baada ya hema.

Mfumo wa kukata hautamkamata kila mtu. Baba aliyeamua kupotea atapotea, na mwenye biashara isiyo na karatasi ataficha. Lakini mwalimu, askari, nesi, mhasibu wa halmashauri, dereva wa kampuni, hawa wana mwajiri anayejulikana na tarehe ya mshahara inayojulikana, na majalada yao niliyapanga kwa mikono yangu. Hakuna sababu hata moja ya watoto wao kuwa na amri zisizolipwa.

Wakati tunalisubiri Bunge, wewe ambaye baba wa mtoto wako ameacha kutuma, usikae miezi ukingoja baraza likupatie Fomu Namba 3. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ujumbe wa miamala ya simu kama aliwahi kutuma, chochote kinachoonyesha anafanya kazi gani na wapi, na orodha ya matumizi ya mwezi uliyoiandika kwa ukweli, kuanzia unga hadi ada. Mkielewana pale, omba maelewano yapelekwe Mahakama ya Watoto yawe amri, kwa sababu karatasi ya makubaliano peke yake akiikana utaanza upya. Sema analipwa lini na vipi, kwa wiki, kwa mwezi au kwa msimu, amri iandikwe hivyo. Na karani akikuuliza kama mmeshaachana, mwambie bado, na kwamba haihitajiki.